Sarafu Mtandao na Kufuli la Tatu

Jumamosi. Mlima umejifunika wingu tangu asubuhi na manyunyu hayakatiki. Nimefunga genge mapema, nimekaa sebuleni peke yangu.

Kikoba chetu cha Mwembesongo kimeamua kununua sarafu mtandao. Aliyeleta habari ni mkwe wa Mama Zuhura. Mama Zuhura ni rafiki yangu tangu tulipokuwa tukipanga ndizi za Kinole chini kwenye turubai. Huyo mkwe anasema faida ni ishirini kwa mia kila mwezi.

Neno lenyewe limeninyima raha wiki nzima, nikatafuta maana yake. Sarafu tumeipata kwa Waarabu, kwenye shina la kubadilisha. Wana jina la karibu na hilo kwa mtu anayebadilisha fedha: unamkuta amekaa, unampa yako huku mnatazamana, naye anakupa yake. Mtandao umetoka kwenye kutanda, kama utando wa buibui darini. Nikawa najiuliza, kwenye hii sarafu yao, aliyekaa ni nani?

Nilijua hakuna atakayesikiliza Kiarabu changu, kwa hiyo leo nilikwenda kikaoni na hesabu. Laki moja, faida ikiachwa humo humo, mwisho wa mwaka inakaribia laki tisa. Nani huyo wa kutugawia, na yeye anakula nini?

"Dada, wewe hata malaika ungemkagua," akasema Mama Zuhura.

Wakacheka wote. Nami nikacheka kidogo. Iliniuma.

Sanduku letu la hela lina makufuli matatu na watunza funguo watatu, mmoja wao mimi. Mmoja asipokuja, halifunguki. Utaratibu huo niliuleta mimi. Wenzangu wawili walikwishafungua ya kwao, wote wakawa wananitazama mkono. Ningeweza kuondoka na ufunguo. Hela zingebaki salama, na wangenichukia.

Lakini si hela zangu.

Nikafungua. Nikachukua hisa zangu, nikaacha ufunguo mezani, nikaaga. Mama Zuhura alinisindikiza hadi mlangoni kama siku zote, ila leo hakunishika mkono.

"Ukibadili mawazo, shoga, njoo."

"Na nyie mkibadili," nikamjibu.

Sijafika nyumbani, simu ikalia. Nimetolewa kwenye grupu la kikoba.

Naandika nikiwa na hasira, sikatai. Genge hili na nyumba hii nimevipata kwa jasho langu, sikumpigia mtu magoti. Ila nilipougua homa ya matumbo, ni wale wale waliofua nguo zangu na kunikorogea uji.

Ndiyo maana naogopa pande zote mbili. Nikiwa sahihi, watalia. Nikiwa nimekosea, watacheka, na mimi sitakuwepo kwenye kicheko hicho.

Nikipita kwa Mama Zuhura kesho, kumjulia hali tu, bila kutaja sarafu wala faida, atanikaribisha ndani?