Koti Mgongoni mwa Watachoka

Jumatatu, 9 Juni 2025

Eveline kaja jana kutoka Iringa. Mjukuu wangu huyu, wa binti yangu wa kwanza. Mabegi mawili mazito. Nikasema afadhali, mtoto kamletea bibi yake vitunguu na nyanya. Nafungua — magazeti ya zamani. Matambara ya vitenge. Maganda ya mahindi, gundi ya maseremala, kopo la maganda ya mayai! Nikamuuliza, umefukuzwa kazi sasa unaokota taka? Anacheka. Eti bibi, hiyo ndiyo kazi. Watu wanamtumia picha za mbwa wao kwenye simu, waliokufa na walio hai, yeye anawabandika ubaoni kwa takataka hizo mpaka wanaonekana. Anaiita kolaji. Chuo miaka mitatu. Mimi niliishia la nne na sijawahi kubandika takataka.

Amekuja kumtengeneza Watachoka.

Mbwa wetu huyo tulimzika mwezi uliopita, nyuma ya choo. Tumpe jirani yangu alisimama kwenye ua akacheka mpaka kanga ikamdondoka. Mhehe anazika mbwa, jamani, mboga hiyo inaharibika! Huyu Mnyakyusa ni mtani wangu, ana haki yake. Nikamwambia ingia uchimbe basi, mikono imekulainikia kwa kumenya ndizi. Akaingia. Akachimba kweli, na mwisho akafuta macho, akasingizia vumbi. Udongo ulikuwa umelowa.

Nimemwambia Eveline sebule yangu asinichafulie. Tangu Mzee, mume wangu, afe mwaka jana sina wa kugombana naye, nagombana na daftari. Leo nimepata mtu.

Alhamisi, 12 Juni

Kaleta ubao mkubwa, karibu sawa na mlango, kauegemeza ukutani. Kachora mbwa kwa penseli. Ana picha tatu tu za simu, na moja mbwa ametikisika. Nikampita mara mbili na ndoo. Mara ya tatu nikashindwa. Hilo sikio si lake, nikamwambia. La kushoto lilipasuka, alipigana na mbwa wa Tumpe. Na hakuwa anasimama hivyo, ameinua shingo kama mbwa wa kalenda. Alikuwa anaegemea mguu mmoja.

Eveline kafuta. Kachora upya. Kauliza, na jina alipewa na nani?

Na babu yako, mzee Kalinga, nani mwingine. Tulipohamia hapa Soweto, Mbeya, mwaka 2012 watu walisema hawa wa Iringa hawamalizi mwaka. Mzee hakujibu mtu. Alileta mtoto wa mbwa, akamwita Watachoka. Kila jioni anasimama getini anamwita kwa sauti ya kanisani, mtaa mzima unasikia. Kwetu mbwa anapewa jina ili majirani wajue unawaza nini, na huwezi kushtakiwa.

Walichoka kweli.

Jumamosi, 14 Juni

Nimemkemea. Mkasi upo mezani, yeye anachana karatasi kwa vidole kama kuku anayeparua. Kachukua kipande alichokata kwa mkasi, kakibandika. Pembeni yake kabandika alichochana. Kasema tazama, bibi.

Cha mkasi kilikuwa karatasi. Cha kuchana kilikuwa na manyoya.

Nimetazama kwa karibu, nimetazama kwa mbali. Ni gazeti! Nimesoma hata maneno, habari za bei ya mbolea. Unarudi nyuma hatua tatu, ni paja la mbwa.

Na anaanzia mkiani, anapanda kuelekea kichwani, kila kipande kinalalia cha chini yake. Nikamuuliza nani kakufundisha kuezeka? Nyumba ya nyasi unaanza chini, safu ya juu inafunika ya chini, maji yanateremka. Kasema hajawahi kuezeka nyumba. Basi mikono yake inajua kitu asichokijua mwenyewe.

Jumapili, 15 Juni

Nimetoka misa nimekuta ana jicho.

Jicho lenyewe ni karatasi nyeusi na chembe ya ganda la yai, ndogo kuliko chawa. Kaiweka kwa ncha ya sindano. Kabla ya chembe hiyo ulikuwa ubao wenye shimo jeusi. Baada yake — ananitazama. Nimekwenda dirishani, ananitazama. Nimekwenda mlangoni, bado. Kwa jicho lile lile la kuuliza mwenzako kaenda wapi.

Nimekaa kwenye kigoda mpaka maharage yakaungua. Eveline kasema, bibi, moshi. Nikamwambia moshi nauona.

Jumatano, 18 Juni

Sharubu anataka kutumia waya. Waya! Nikaingia ndani nikatoa milulu yangu, ile ninayosukia vikapu. Nimepasua ubua mmoja mara nne, nikaulowesha, nikaupinda. Sharubu kumi na mbili. Nimezichomeka mwenyewe, maana mtoto ana haraka.

Tumpe kachungulia dirishani akasema, mama Apolonia, unamshonea mbwa ndevu? Ndaga, asante mtani, na nyusi usisahau. Nikamwambia pita zako.

Hakupita. Kaingia, kasimama, kakunja mikono kifuani. Kaondoka bila utani. Tumpe!

Alhamisi, 19 Juni

Mgongo umekataa. Siku nne anabandika, anabandua. Gunia — punda. Mfuko wa saruji — ukuta. Kitenge cha kahawia kutoka kwa fundi Othmani — mama wa kwaya. Watachoka hakuwa kahawia tu. Alikuwa na rangi ya kitu kilichokaa juani, mvuani na kwenye moshi.

Rangi hiyo nilijua iko wapi. Iko kabatini.

Kabuti la Mzee. Kalivaa miaka ishirini na miwili akilinda maghala ya mahindi, kumi kwetu Iringa, na kumi na miwili ya mwisho kwenye baridi hii ya Mbeya, mbwa akiwa miguuni. Siku ya kuanua matanga ukoo uligawa nguo zake. Suruali huyu, viatu yule. Kabuti likatajwa ni la Zabron, mdogo wake, maana yeye ndiye aliyekalia kiti cha kaka. Zabron alikuwa machimboni Makongolosi, hakulichukua. Wakaniambia mama, mtunzie. Nikaitikia mbele ya watu.

Nimelitunza vibaya. Mzee alipokufa mbwa aligoma kula siku tano. Sasa mimi, mbwa haingii ndani mwangu, mbwa ni wa nje. Siku ya sita nikatandika kabuti chini kando ya kitanda, nikamwambia ingia, mjinga wewe. Akalala. Asubuhi akala ugali. Akalala pale mpaka mwezi wa tano alipokufa. Sikumwambia mtu yeyote.

Nimelitoa. Eveline akashika kichwa. Bibi, hilo si la babu Zabron? Leta mkasi, nikamwambia. Akakataa, akairudisha mikono nyuma. Nikachukua mkasi wangu wa jikoni, wa samaki. Nimeanza chini ya kola nikashuka. Kitambaa kigumu, mkono umeniuma mpaka begani. Nywele za mbwa zimeingia kwenye nyuzi, hata upanguse hazitoki. Kingo nikazichambua kwa sindano, uzi mmoja mmoja, ziwe na manyoya.

Tumepanga toka mkiani kwenda juu. Kipande cha mwisho kilipokaa, tukarudi nyuma hatua tatu.

Mgongo ulipanda. Najua haukupanda. Lakini niliuona unapanda na kushuka pale mbavuni, alivyokuwa anapumua akimsubiri Mzee afunge kamba za viatu. Nina miaka sabini na moja. Nimezaa sita, nimepokea watoto wa watu, nimefumba macho ya maiti. Sijawahi kuona kitu kama hiki. Aliyezikwa nyuma ya choo amesimama sebuleni kwangu.

Nimesema Baba Yetu.

Ijumaa, 20 Juni

Nimeamka. Bado yupo.

Jumatatu, 23 Juni

Zabron kapiga simu mchana. Shemeji, nakuja Ijumaa. Jumamosi tupande basi wote kwenda kwetu Ifunda, Jumapili misa ya mwaka ya kaka. Nataka nivae lile kabuti, wazee wanataka wanione nalo. Lipo?

Nikasema lipo.

Sikudanganya. Lipo ukutani.

Nikakata simu nikakaa. Sasa niandike bila kujificha. Mjane akimnyima mrithi nguo aliyopewa na ukoo, wanahesabu amejitoa kwenye ukoo. Na Zabron ndiye mwenye kauli ya makaburi ya Ifunda. Pembeni ya Mzee nafasi yangu imeachwa, nimeiona kwa macho yangu, wameizungushia miti ng'ombe wasikanyage. Nataka kulala pale. Sitaki kuzikwa hapa mjini kati ya watu nisiowajua. Nilipokata lile kabuti sikufikiri kaburi. Nilifikiri mgongo.

Eveline analia, anasema kosa ni lake. Nikamwambia usiniibie kosa langu.

Halafu nikamtazama Watachoka. Natafuta majuto siyaoni. Namwona mbwa.

Jumatano, 25 Juni

Eveline ana mipango miwili. Wa kwanza, aondoke na ubao kesho, Iringa kuna maonyesho yao, mbwa kumi ukutani, Zabron hatauona. Nikamuuliza, na koti nitasema limekwenda wapi, limetembea?

Wa pili, tununue kabuti la mtumba linalofanana. Huo niliufuata. Naona aibu kuandika lakini niliufuata. Nimeshinda mitumbani na Tumpe tangu asubuhi, tunafukua makabuti ya Wazungu waliokufa. Tumelipata! Rangi ile ile, vifungo vile vile. Tumpe kasema mtani, chukua, mwanaume gani anakagua koti. Nikalinusa. Halikunuka kitu. Sabuni tu.

Nikalirudisha. Tumpe hakunicheka. Njiani akaniambia mimi ningechukua. Nikamwambia ndiyo maana mbwa wako hana picha.

Ijumaa, 27 Juni

Naandika jikoni. Zabron yuko sebuleni.

Kaja saa tisa na vumbi la Makongolosi mpaka kwenye kope. Kamwene, shemeji. Kamwene. Kakonda. Sauti ni ya Mzee kabisa na inanikera, mtu asiazime sauti ya marehemu. Eveline alikuwa kafunika ubao kwa shuka tangu jana. Asubuhi nimelivuta nikalikunja. Sifuniki vitu nyumbani kwangu.

Nilikuwa nimeyapanga maneno. Shemeji, nimekosa, na nimekosa kwa makusudi. Nilikuwa nimeyarudia tangu alfajiri. Hakunipa nafasi. Kaketi, kaanza habari za barabara, malori, matope — kamwona mbwa.

Macho yake yalikwenda kwenye sikio lililopasuka. Yakaja kwenye jicho. Yakateremka mgongoni na hapo yakasimama. Kuna tundu la moto pale, dogo, limeungua kwa sigara. Sigara yenyewe ilikuwa ya Zabron. Krismasi moja aliliazima, akarudi amelewa, kalitoboa. Mzee alimfukuza, na Watachoka akamkimbiza mpaka barabara kuu. Tulicheka mwaka mzima. Kumbe nimelibandika tundu palepale juu, mtu yeyote aone.

Nikasema ndilo hilo. Nimelikata mimi, si mtoto.

Kavua kofia. Kasimama akausogelea ubao taratibu, kama mtu anayeingia geti la mbwa asiyemwamini. Mimi na ukali wangu wote nikakimbilia jikoni. Eti chai.

Sasa hivi Eveline kaja ananong'ona. Bibi, anaongea naye. Na nani? Na mbwa. Anasema nini? Ni Kihehe bibi, sielewi. Mtoto wa Iringa hajui Kihehe! Hilo tutalimaliza siku nyingine.

Nimechungulia. Kapiga goti moja sakafuni, mtu mzima na nywele nyeupe. Kiganja kiko mgongoni mwa Watachoka. Anapapasa kutoka shingoni kwenda mkiani, kufuata manyoya, hapapasi kinyume hata mara moja. Kidole kikifika kwenye tundu kinasimama kidogo. Kinaendelea. Sijui anampapasa mbwa au koti la kaka yake.

Halafu, bila kugeuka: Shemeji.

Naam.

Mikono ya koti umeiweka wapi?

Mikono sikuikata. Ninayo hapa mapajani, yote miwili, na kola. Miguu ya mbele ya Watachoka bado ni penseli tu, Eveline hakujua aiweke kwa kitu gani. Kwa sauti ile siwezi kujua anataka mikono apeleke Ifunda aonyeshe wazee nilichofanya, au naye kaona kwamba mikono hii ndiyo miguu ya mbwa iliyobaki. Mzee angeuliza hivyo hivyo, na ningejua.

Chai imefurika nimeishusha. Ananiita tena.