Mafuta ya Kondoo kwenye Kigari cha Nasrin

Mtaa wa Sokoni,
Karatu.
26 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Yasini,

Assalaam alaykum. U hali gani huko Lindi, na wifi yangu Hanifa mgongo umepoa? Sisi hatujambo, ila baridi ya mwaka huu inatuvalisha makoti mpaka saa sita mchana. Wewe uliyezoea joto ungelia.

Duka linakwenda, alhamdulillahi. Baba Nasrin anakohoa kidogo tu.

Sasa la mpwa wako. Nasrin yuko kidato cha pili, moyo wake wote uko kwenye Fizikia, lakini mtihani wa Mei ulimwangusha. Mwalimu akawaambia walioanguka watengeneze kigari kwa vitu vya nyumbani, kiteremke kwenye ubao na kuvuka mstari wa chokaa. Kisipovuka, kidato cha tatu hakuna Fizikia. Mtoto akakonda, Yasini.

Alikiunda na mwenzake Ngoyai, binti wa kijiji cha Nainokanoka, juu milimani, anayekaa kwetu siku za shule. Magurudumu waliyakata kwenye kandambili zangu, bila kuniomba, na spoku za baiskeli wakazipitisha ndani ya mabomba ya kalamu. Nami, kwa kimbelembele changu unachokijua, nikaleta mafuta ya kondoo nikapaka mpaka ndani ya mabomba. Jikoni kilikimbia hadi mlangoni. Nikapiga kigelegele.

Jumatano wazazi tukaitwa shuleni. Ukungu umetanda, vidole vinauma. Kigari kikafika nusu ya ubao, kikasimama. Watoto wakacheka, nami nikatamani ardhi ipasuke.

Nasrin akakiinua, akachungulia. "Mwalimu, mafuta yameganda, yanashika spoku. Naomba niyatoe nirudie."

Mwalimu akauliza nani kawashauri mafuta hayo. Mtoto akaniangalia, kisha akajibu, "Tulijaribu jikoni tu, penye joto. Kosa ni letu."

Wakachomoa spoku, wakazifuta kwa mtandio, wakapuliza mabomba. Safari hii kikavuka mstari na kumpita mwalimu mwenyewe. Jina la Nasrin limeandikwa kwenye Fizikia ya kidato cha tatu! Nililia mbele za watu na sioni haya.

Njiani Ngoyai akaniambia polepole, "Mama, kwetu baridi ni kali kuliko hapa, mafuta hayo nayajua yanaganda. Ila wewe ni mkubwa, ningekukatazaje?" Nilicheka, lakini iliniuma. Nimemwambia siku nyingine anikataze tu.

Jioni Nasrin alinisukumisha gunia la sukari dukani, kwanza sakafuni, kisha juu ya vipande vya bomba. Akanieleza msuguano taratibu, akarudia nilipokwama. Nimeelewa, ndugu yangu. Tangu darasa la saba hakuna mtu aliyeketi kunifundisha kitu, na sikujua kwamba nilikuwa na hamu hivyo.

Msalimie sana Hanifa, na shemeji Omary mkionana. Mwenyezi Mungu akupe afya na riziki ya halali, akurudishe kwetu salama.

Dada yako akupendaye,
Mwajabu