Upanga Umesimama, Mdomo Umepinda

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na tafadhali usicheke ukiona ni habari ya jogoo, kwa maana hapa kwetu Kosele jambo hili limekuwa kubwa na mimi sina mtu wa kumwuliza bila kuona haya.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana na sasa nangoja matokeo nyumbani, na kwa sababu sina kazi nyingine nimekabidhiwa kuku wote, na kusema ukweli nawapenda kwa vile hawaniulizi nitakuwa nani. Kabla ya mvua ya Machi baba atatoka katika boma la babu kwenda kuanzisha lake mwenyewe, na kwa desturi yetu Waluo siku hiyo baba hutangulia na jogoo mkononi, mtoto wa kiume wa kwanza, yaani kaka yangu Wesley, hubeba shoka, na mama hubeba moto, na huyo jogoo ndiye atakayewika pale alfajiri ya kwanza na ndiye atakayezaa kuku wote wa pale. Baba akaniambia mbele ya watu, "Nyara, binti yangu, wewe ndiye mwenye kuku. Nichagulie." Tangu hapo sina raha.

Majogoo ni wawili. Wa kwanza ni mwekundu, mrefu, upanga wake wa kichwani umesimama wima na una meno kama msumeno, na kila mgeni akiingia humsifu. Wa pili alitoka katika yai la kwa mama mdogo Truphena, anayekaa Migori upande wa Osiri, na upanga wake umelala bapa, una vipele vidogo vidogo, na Wesley anamwita Chapati. Nilipojaribu kumtaja tukiwa tunakula, Wesley alicheka mpaka akapaliwa na ugali: "Mimi nibebe shoka, mzee abebe chapati? Watu watauliza chai iko wapi!" Naye dana, ndiye nyanya yetu, akasema polepole kwamba boma ambalo upanga wa jogoo wake umelala, mwenyewe hatasikilizwa. Nikainuka, nikaenda kuosha vyombo.

Lakini kuna jambo wasilolijua. Yule mwekundu mdomo wake umepinda, wa juu unaenda huku na wa chini kule, lazima umshike ndipo uone, na hawezi kuokota punje iliyo chini. Alipokuwa mdogo nilimwona anadonoa, anakosa, anadonoa, anakosa, nikamhurumia, nikaanza kumlisha nyuma ya jikoni kwa kopo refu, unga wa mahindi na omena, wale dagaa wa ziwani, zilizopondwa, mpaka leo. Ndugu yake wa mama mmoja alikuwa na mdomo kama huo, akafa kabla ya kuota mkia. Shuleni mwalimu wa baiolojia alitufundisha kwa mimea ya njegere jinsi mtoto anavyorithi kutoka kwa wazazi, na nilitamani kuuliza kama kuku ni hivyo hivyo lakini sikuinua mkono. Basi nakuuliza wewe: upanga wa jogoo unasema nini hasa? Uliolala ni udhaifu kweli? Na mdomo, huo nao unarithiwa? Vifaranga wa Chapati wameshaanza kukimbia uani na vichwa vyao bapa, nimewashika mmoja mmoja, midomo yao imenyooka. Sitaki boma la baba lijae vifaranga wanaokufa njaa karibu na punje, lakini pia sitaki kumpinga dana, na nikisema watajua ni mimi niliyeficha. Nifanye nini?

Mwenye haya, Kosele

*

Binti yangu,

Sikukucheka wewe. Nilimcheka Wesley na chai yake.

Upanga mwekundu, laini, wenye joto ukiushika, unakuambia kwamba jogoo ameshiba na hana ugonjwa leo. Ukipauka au ukigeuka wa zambarau, mchunguze. Lakini kusimama na meno, au kulala bapa, hilo ni umbo la ukoo, kama mmoja wenu alivyochukua pua ya baba na mwingine ya mama. Jogoo wa kichwa bapa mwulize swali moja tu: mayai yake yanaanguliwa, au mengi hutoka viza? Wako wanaoshindwa hapo. Chapati ameshajibu, majibu yanakimbia uani.

Mdomo ni habari nyingine. Mara nyingine hupinda kwa kuumia, lakini mama mmoja akitoa wawili wa namna hiyo, usibahatishe. Huyo mwekundu asipande jike yeyote, na mayai ya mama yake kuanzia sasa ni ya kukaanga.

Sasa acha nikugombeze. Upanga huo wanaousifu wageni umeukuza wewe kwa omena zako. Wanasifu mkono wako wakidhani wanasifu damu yake. Kwa lile kopo ulimficha jogoo kwa kila mtu isipokuwa wewe, ndiyo maana hakuna mwingine wa kusema. Baba alikuuliza kwa sababu wewe ndiye unayewashika kuku. Utamjibu kwa kuosha vyombo?

Fanya hivi. Asubuhi moja, baba na Wesley wakiwepo, watoe hao wawili wakiwa na njaa. Kopo liache jikoni. Mwombe dana mwenyewe arushe mtama kwenye uwanja uliofagiliwa. Huna haja ya hotuba, watatazama. Mwekundu akidonoa na kukosa, mshike, mwonyeshe dana mdomo, useme, "Baba, huyu mimi ndiye ninayemlisha. Mchukue Chapati." Ukishasema hivyo, nyamaza ukitaka.

Dana akishikilia upanga wake, usibishane naye. Mwulize kwa upole wa mjukuu: "Dana, mwenye boma atasikilizwa vipi, ikiwa jogoo wake analishwa na mtoto nyuma ya jikoni?" Kisha mwache afikiri. Na mwekundu awe mchuzi wa wageni siku ya kuhamia boma jipya. Ameshiba vizuri, hawatalalamika.

Kuhusu lile swali ulilomnyima mwalimu wako: ndiyo, kuku ni hivyo hivyo. Siku nyingine inua mkono.

Mama Nyaboke