Mbuzi mawe wa Kukhu

Jumatatu, saa ya chakula cha mchana. Kakamega kuna jua na mawingu meusi pamoja, mvua bado inajishauri. Nimeketi kwenye saiba, mbele ya kompyuta ya kukodi, badala ya kwenda kula.

Magoti yamechubuka. Suruali yangu ya suti ina tundu. Na nina furaha ya kipumbavu, ile ya mtu kucheka peke yake mpaka jirani anageuka kumtazama.

Jana nilienda kwao Nekesa kwa mara ya kwanza kama mtu anayetaka kumwoa. Kwao ni chini kabisa ya milima ya Nandi, mahali ambapo miwa inakoma kwa sababu tu mwamba umesimama wima kama ukuta. Kwingine kote miwa haijakoma. Siku hizi watu wanapanda hadi mlangoni. Ukitoka nje kupiga mswaki, unatemea miwa. Nami ni mmoja wa wanaoleta mambo hayo: ni afisa wa nyanjani wa kampuni ya sukari, kazi yangu kupima mashamba na kuandikisha wakulima.

Nilifika mapema mno. Baba yake Nekesa, ambaye wote wanamwita Mzee, alikuwa bado kanisani kwenye kikao. Wanawake walikuwa jikoni. Nikaachwa sebuleni na soda, nimekaa wima, tai imenikaba.

Ndipo akaingia Kukhu, mama yake Mzee. Bibi mdogo wa mwili, hana viatu. Akanizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe wa mnada.

"Huyu ndiye mume wangu?" akauliza.

Kwetu bibi ana haki hiyo. Mume wa mjukuu ni mume wake wa utani. Nikasema ndiyo, ni mimi.

"Basi vua hiyo koti. Twende nikuonyeshe kitu."

Tukapita nyuma ya nyumba, kati ya miwa, tukatokea kwenye ukanda wa vichaka uliobaki kati ya shamba na mwamba. Macho yangu hayapumziki hata Jumapili. Niliona udongo mweusi, ardhi tambarare, maji hayatuami. Nilikuwa nishaupima kichwani kabla hatujaumaliza. Kukhu akapanda jiwe kubwa, akalala kifudifudi juu yake. Akapigapiga nafasi iliyobaki kando yake.

Nikalala. Na suti yangu.

Mwanzoni sikuona kitu ila mawe. Kisha jiwe moja likasogeza sikio. Alikuwa mbuzi mawe, mama, amesimama kwenye ncha za kwato zake kama mwanamke wa mjini aliyevaa visigino. Wenye vitabu husema huyo si mbuzi, ni swala mdogo wa majabali. Kukhu anamwita mbuzi, basi ni mbuzi.

Chini ya tumbo lake kulikuwa na mtoto.

Sijui nieleze vipi. Mtoto yule alikuwa kama ana springi miguuni. Alinyonya kidogo, akampiga mama kichwa, akaruka juu bila sababu, akashuka akiwa ameangalia upande mwingine, akashangaa. Alikimbia akipanda ukuta wa mwamba mpaka ukamshinda, akateleza kwa matako hadi alipoanzia. Akarudia. Mama aliendelea kutafuna, uso umetulia kama wa mwalimu wa zamu aliyechoka.

"Namwita Mheshimiwa," Kukhu akaninong'oneza. "Hakaangi mahali pamoja. Ukimngoja hapa, yuko kule."

Halafu mama akaruka ufa mmoja mpana katika mwamba, akasimama ng'ambo. Mheshimiwa akaja hadi ukingoni, akachungulia. Akarudi nyuma. Akaja tena. Chini yake palikuwa na hewa tupu.

Kivuli kikapita juu ya mwamba. Tai.

Mama akapiga mbinja, kali, kupitia puani. Mtoto akaganda. Hata mimi niliyekuwa nikimtazama nilimpoteza, rangi yake ikawa ya jiwe. Kukhu alinishika mkono akanifinya hadi kucha zikaingia. Tai alizunguka, akashuka, akazunguka tena karibu zaidi. Mama hakukimbia. Alibaki wazi pale ng'ambo, akipiga mbinja, akijionyesha.

Nilisahau nilikuja kufanya nini katika boma hilo. Niliomba tu.

Tai akachoka, akaelea kuelekea msituni. Na Mheshimiwa, bila kujiandaa, akaruka. Alitua kwa kidevu. Akasimama, akajitikisa, kisha akaruka tena kurudi alikotoka!

Kukhu alicheka mpaka akashika mbavu. Nami nikacheka, machozi yakanitoka.

Baadaye wakashuka wote wawili hadi vichakani, wakaanza kula majani. "Hapa ndipo wanakujanga kula," Kukhu akasema. "Huko juu ni mawe tu." Akanitazama. "Nimesikia kazi yako ni gani."

Mezani nilielewa. Obusuma, ugali wetu, ilikuwa imepangwa, kuku amefunikwa, na Mzee hakuchelewesha habari.

"Mkwe, wewe ni mtu wa miwa. Kuna kipande kule nyuma kimelala bure. Mama amekataa kisilimwe. Mwambie wewe, uliyesoma mambo haya. Miwa haiwezi kumea pale?"

Kukhu alikuwa akiangalia sahani yake. Nekesa alisimama mlangoni na birika la maji, hatikisiki.

Ningeweza kusema ardhi ni mbaya. Ingekuwa rahisi. Ingekuwa pia uongo.

"Itamea vizuri sana, Mzee," nikasema. "Lakini mimi sitakipima. Kuna mtoto anakula pale."

Nilisikia mbuzi wa kawaida wakilia kwa jirani.

"Mtoto wa nani?"

"Wa mbuzi mawe."

Mzee akanitazama. "Wewe umekuja kumwoa binti yangu," akasema polepole, "ama umekuja kumwoa mbuzi?"

Kukhu ndiye aliyeanza kucheka. Kisha wanawake jikoni. Mwisho Mzee mwenyewe, mabega yakimtetemeka, akisema, "Mama, umemharibu huyu kijana kabla hajala." Akafunua kuku, akatafuta firigisi, ile ambayo ni ya mwenye nyumba peke yake. Akaikata katikati. Nusu akaiweka kwenye sahani yangu.

Kuhusu kile kipande hakusema tena lolote.

Nekesa alinisindikiza hadi kwenye pikipiki. Akapitisha kidole kwenye tundu la suruali yangu, akasema, "Niliogopa ungemkubalia."

"Na kama ningemkubalia?"

Alicheka tu, akarudi nyumbani.

Nimekuwa nikijiuliza tangu jana angefanya nini. Nadhani najua. Sitamwuliza.