Gari la Baba Linayumba

Skagafjörður,
Februari

Kaka yangu mpendwa Eyvindur,

Pokea salamu zangu za moyoni, wewe na wifi, na yule binti yenu ambaye mpaka leo tunamjua kwa picha tu. Mnaendeleaje na baridi ya huko Norwei? Sisi huku hatujambo, ila upepo umeng'oa mabati ya zizi la farasi, na farasi wenyewe wametununia kama vile ni sisi tuliovuma. Mama anashukuru kwa ile jibini ya kahawia. Ameificha nyuma ya unga Baba asiione, na Baba anaimega kila asubuhi. Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Kwenye simu ningelia, nawe ungenikatiza, nakujua.

Habari yenyewe ni ya gari. Baada ya kuteremsha kondoo kutoka milimani, Baba aliamua kuliinua lile gari kuukuu ili lichukue matairi makubwa zaidi, yale ya kupita juu ya theluji nene. Nilitaka kumsaidia kama siku zote, akanikatalia. Akasema niende zangu kiwandani nikakate samaki, yeye si mtoto wa kushikwa mkono. Nikanuna, nikaenda.

Lilipotoka gereji, kaka, lilikuwa aibu tupu. Linavuta kushoto; ukilirudisha, linakimbilia kulia kuliko ulivyotaka. Likikanyaga kishimo, usukani unajigeuza wenyewe mikononi mwako. Jirani yetu Hjörleifur alipoliona barabarani alimpigia Baba kelele, "Ketill, mnyweshe kahawa huyo mlevi wako kabla hajaniulia kondoo!" Watu walicheka, lakini walishangaa pia. Baba ndiye aliyeinua nusu ya magari ya bonde hili. Wewe na mimi alitufundisha tungali wadogo kwamba mwili wa gari ukipanda, mhimili wa mbele nao unazunguka, magurudumu hayajirudi tena katikati, na kile chuma kitokacho kwenye usukani kinainama vibaya. Mtu akiliinua gari akauacha usukani ulivyo, amelitengeneza nusu tu. Yeye asahau hilo? Baba huyu huyu?

Kila nilipomwuliza, alijibu kwamba atalinyoosha wiki ijayo. Halafu mwezi uliopita akatumbukia mtaroni akiwa na Mama. Theluji ilikuwa laini, hawakuumia, na Mama alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Mimi sikucheka. Ile safari yetu ya kila mwaka na majirani ya kwenda kwenye kibanda cha mlimani ilikuwa inakaribia, na unajua Baba ndiye hutangulia, wengine wote wakifuata alama za matairi yake penye nyufa za barafu. Hjörleifur aliniita kando, na mara hii hakuwa na mzaha, akaniambia kwamba gari likibaki vile hatalifuata, na wenzake nao hawatalifuata. Niliwaza Baba atakavyowatazama wakiondoka bila yeye, roho ikaniuma.

Basi alipokwenda Reykjavík kumwona shangazi, nikajifungia gereji. Nikakata vishikio vya mhimili, nikauzungusha mpaka egemeo la magurudumu likalala nyuma kidogo, kama ile foki ishikayo gurudumu la mbele la baiskeli, nikavichomelea upya. Kisha nikapandisha kishikio cha kile chuma kinachouzuia mhimili usiende upande, mpaka kikawa sambamba na chuma cha usukani, ili gari likipanda na kushuka viwili hivyo visigombane. Nikapima, nikapima tena. Nikalitoa kwenye ile barabara iliyonyooka ya Sauðárkrókur, nikaachia usukani. Eyvindur, lilikwenda moja kwa moja! Nilipiga vigelegele peke yangu humo ndani kama mwehu.

Baba aliporudi alilizunguka gari. Akalala chini yake na koti lake zuri la safari, akapapasa kila nilipochomelea. Akasema kazi ni safi, lakini hakutabasamu. Nikampa ufunguo, tukatoka. Hatujafika mbali, gari likavuta kushoto. Akalirudisha. Likavuta tena. Nikatazama nje, upepo hakuna, barabara kavu. Nikaanza kujilaani, nimekosea wapi? Ndipo nikautazama mkono wake. Ulikuwa unatetemeka juu ya usukani kama kifuniko cha sufuria inayochemka.

Alisimamisha gari pembeni. Bila kunitazama, akaniambia kwamba kutetemeka huko kulimwanza tangu theluji ya mwaka jana ilipoyeyuka, kwamba daktari wa Akureyri ameshathibitisha, na ni ugonjwa ule ule wa Babu. Unakumbuka Babu alivyonyang'anywa ufunguo, akakaa dirishani kama mgeni nyumbani mwake? Baba akasema hakusahau usukani. Aliuacha makusudi. Alijua gari likiyumba watu watalicheka gari, na hakuna atakayetazama mikono.

Nililia, kaka. Nilijiona nimemvua nguo hadharani, na hali nilidhani namsaidia. Nikamwomba radhi. Akanikemea nisiwe mjinga, mtu haombi radhi kwa kunyoosha kilichopinda. Kisha akakiri, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, kwamba siku ile ya mtaroni aliogopa sana, maana Mama ndiye aliyekuwa upande wa mtaro, na hajalala vizuri tangu hapo.

Akashuka, akazunguka mbele ya gari, akanifungulia mlango, akaniuliza nangoja nini, nisogee kwenye usukani. Nikaendesha mimi. Ule mkono, ambao tangu kiangazi ulikuwa haubanduki mfukoni kila akiwa mbele ya watu, aliutoa akauweka gotini, ukatetemeka waziwazi, akauacha.

Alipomwambia Mama, Mama akasema anajua. Tangu kiangazi amekuwa akimmiminia kahawa nusu kikombe ili isimwagike. Baba alidhani amekuwa bahili! Hjörleifur naye, Baba alikwenda kumwambia mwenyewe. Hjörleifur akasema heri iwe hivyo, maana akiwa haendeshi, Ketill atakuwa na nafasi ya kutukana vizuri. Kwa hiyo safari ipo. Mimi nitashika usukani, Baba atakaa kando anisomee theluji.

Ila wewe ameshindwa kukuambia. Jumapili iliyopita alijaribu, nilikuwepo. Mlizungumza habari za gari mpaka mwisho, akakata simu, akabaki ameishika. Basi ukipiga tena, nakusihi, usimwulize gari. Gari ni zima. Mwulize mikono yake inaendeleaje, kisha nyamaza, hata akichelewa kujibu. Usimsaidie maneno. Anangoja uulize wewe.

Nisalimie wifi sana, na mtoto mbusu kwa niaba yetu sote. Mama anakuombea kila siku. Tukutane tukiwa wazima.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Steinvör Ketilsdóttir