Fanicha ya Kitu Kile

Jumatatu, 3 Machi

Kiti cha pili leo. Cha kwanza Mama alikikataa jana. Alikigeuza, akakipima kwa kidole, akasema miguu ya mtoto inaning'inia. Nimewatengenezea watu sofa hapa Mwihoko tangu nikiwa msichana, na hakuna aliyewahi kuniambia miguu inaning'inia. Sasa nafokewa kwa ajili ya plastiki.

Kitu chenyewe nilikitoa ndani ya kochi. Mteja alilileta libadilishwe kitambaa, nikalipasua tumbo, na mlikuwa na takataka za kawaida: kijiko, chanuo, maganda ya njugu. Na mwanasesere. Urefu wa shubiri, uchi, nywele zimeng'olewa upande mmoja. Mwenye kochi akasema nitupe. Mama alikuwa ameshakibeba.

Nilimtoa Mama kijijini kwake, Gatuanyaga, baada ya yeye kupotea njia ya kwenda nyumbani kwake mwenyewe. Tangu hapo anashinda nami kibandani, na hataki kula. Vijiko viwili, basi, anafunga mdomo. Siku alipokipata kitu kile alikiketisha kando ya sahani, akala ugali wote. Sasa hali mpaka kiwe kimeketi. Ndiyo maana mimi, mwanamke mzima, fundi, nakata miguu ya kiti mifupi kuliko kidole gumba.

Kiti kimekubaliwa. Amekula. Nakichukia kitu kile.

Jumatano, 5 Machi

Nguo. Mama amesema mtoto hawezi kukaa uchi mbele ya wateja. Nimechukua velveti ya maruni iliyobaki kwenye sofa la mtu. Velveti ni nene mno kwa nguo ndogo hivi, mshono unafura. Mikono ya gauni ndiyo kazi. Haigeuziki kwa vidole. Nimeisukuma kwa kijiti cha kiberiti, kikakatikia ndani. Cherehani yangu imezoea ngozi bandia, gauni la kwanza imelitafuna. La pili nimelishona kwa mkono. Kifungo kimoja, cha blauzi yangu.

Mteja wa Mugutha amekuja kuulizia kazi yake, akanikuta na sindano na gauni dogo kuliko soksi. Akacheka mpaka akashika nguzo. Huyu ndiye aliyeagiza sofa la watu saba kwa nyumba ya chumba kimoja. Wageni wake wataingilia dirishani.

Alhamisi, 6 Machi

Kitanda. Vipande vya mukima, mbao laini, ukigonga msumari inapasuka. Kwa hivyo gundi tu, na vijiti. Msasa mpaka vidole vikaniuma. Godoro ni sponji niliyoichana kwa wembe. Kitanda kizuri. Kizuri kuliko changu, na hilo limeniudhi.

Kinuthia amepiga simu. Ndugu yangu huyu anakaa Thika, ndani ya geti, na huuliza hali ya Mama kwa sauti ya mtu ambaye tayari anafunga mlango wa gari. Leo kaambiwa na watu kwamba Mama anabeba mwanasesere. Mchungaji wake amesema hayo ni mambo ya mizimu, kitu kichomwe. Kinuthia atakuja Jumapili baada ya ibada, na wazee wawili wa kanisa. Nimemwambia kwamba Mama hali chakula bila kitu hicho. Akasema atakula akiombewa. Hajawahi kuleta hata ndizi, sasa analeta maombi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekificha. Nilitaka kujua kama kweli hawezi kula bila hicho, maana Jumapili inakuja. Nikakitia ndani ya sanduku la misumari.

Hakula asubuhi. Hakula mchana. Hakulia wala kuniuliza. Alipiga magoti akapapasa chini ya kila kochi kwa mkono, moja baada ya jingine, na alipomaliza akaanza upya. Nikakirudisha. Mimi ni mjinga kama Kinuthia.

Jumapili, 9 Machi

Wamekuja. Kinuthia, mkewe, wazee wawili wenye suti, mmoja kashika chupa ya mafuta ya upako. Mkewe alipangusa kochi kwa tishu kabla ya kukalia. Kochi jipya, nimelimaliza jana.

Mama alikuwa mezani na sahani yake ya githeri. Kitu kile kimeketi kitini, gauni la maruni, kifungo kimefungwa. Nilisimama kati yao na meza. Kinuthia akanipita, akanyoosha mkono.

"Mami, nipe hiyo kitu."

Mama akamtazama juu mpaka chini.

"Salimia kwanza. Huyu ni Wairimu."

Wairimu ni jina la Mama. Kwetu msichana wa kwanza wa mwanamume hupewa jina la mama wa babake. Ndivyo nyanya anavyozaliwa tena. Kinuthia ana wasichana wawili, Tiffany na Blessing. Mchungaji huyo huyo alimwambia majina ya ukoo yanabeba laana, naye akakubali. Mimi sikujaliwa mtoto. Mama hakuwahi kulalamika, nasi tukajiambia hajali.

Akawageukia wale wazee, akawaeleza pole pole kama mwenye nyumba anayetambulisha watu wake.

"Ni wa Kinuthia. Alinichelewesha, lakini alinizaa."

Kisha yule mzee wa mafuta akatia chupa mfukoni, akainama, akamsalimia Wairimu kwa kidole kimoja. Mwenzake naye vile vile. Kinuthia akatazama sakafu. Mkewe akasema wanachelewa.

Sikumwonea huruma hata kidogo. Nimengoja kumwona akitazama sakafu tangu Tiffany abatizwe. Nilifurahi. Kisha nikamwangalia Mama anavyomlisha githeri mtoto ambaye Kinuthia hakumzaa, nikaacha kufurahi.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Hakuna mteja. Kinuthia hajapiga simu, na asipige.

Nimetengeneza meza. Kiti kilikuwa peke yake, hakuna kitu mbele yake. Hakuna aliyeniagiza. Miguu minne, imesimama sawa bila kuyumba, si kazi rahisi kwa meza ndogo kuliko kiganja.

Mama amekaa, kitu kimekaa, uji unapoa. Hanywi. Nikamuuliza kuna nini tena. Akasema, "Mwite."

Nimekuwa nikikiita kitu. Mtoto aliyepewa jina la mama yako huwezi kumwita hivyo, wala humwiti kwa jina. Unamwita maitu, mama yangu, kama unavyomwita mama yako mwenyewe. Nimetazama nje. Mtaani hapakuwa na mtu.

"Maitu, kunywa uji."

Mama akafungua mdomo. Amemaliza kikombe chote.