Harufu ya Embe Mwezi wa Sita

Tumbi, Kibaha,
22 Juni 2025.

Mpendwa dada Eugenia,

Kwa huzuni kubwa, na kwa niaba ya ukoo mzima, natangaza kifo cha masharubu yangu, kilichotokea Jumapili iliyopita asubuhi kabla ya misa. Marehemu alikuwa nami tangu ujana, alihudhuria harusi yangu na misiba yote ya nyumbani, na hakuwahi kuugua. Maziko yalifanyika kwenye beseni. Pokea rambirambi, ingawa wewe ndiye uliyekuwa ukisema yananifanya nifanane na paka wa parokia.

Baada ya tangazo hilo, shikamoo dada. Habari za Sumbawanga na baridi yake? Goti linaendeleaje? Wifi yako Imakulata aliniambia bado unalichua kila ukitoka zamu. Sisi huku wazima, Mungu anasaidia. Mimi tumbo limezidi kidogo, ila nimeamua kuamini kwamba ni suruali zinazopungua.

Shamba la baba kule kijijini Masaki halijatutupa. Mihogo imekubali, isipokuwa upande wa bondeni ambako nguruwe pori wamejihudumia bila hodi. Mikorosho imepaliliwa. Anayenipeleka ni Rajabu, jirani yetu wa bodaboda, na kila tukifika kwenye kile kilima ananiomba nishuke nitembee. Anasema ni kwa heshima ya injini.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Kila nikikupigia naishia kuzungumzia mvua. Karatasi haina haraka na haiulizi kitu.

Mwezi wa tano, shuleni kwa mwanao Vailet waliita kikao cha kamati ya wazazi, ambayo kwa bahati mbaya ya shule mwenyekiti wake ni mimi. Mwalimu Hashiru wa nidhamu akamwaga mezani vitu alivyowakamata navyo wanafunzi. Sigara ilikuwa moja tu, imepinda. Vilivyobaki vyote vilikuwa vidude vya rangi rangi, vinene kidogo kuliko kalamu. Vepu, yaani sigara za umeme.

Unakumbuka zamani akina Sebastian walivyogawana sigara moja watu wanne nyuma ya choo, na mwalimu alihitaji pua tu kuwakamata? Hashiru anasema sigara sasa watoto wanaicheka. Inanuka, ni mambo ya wazee. Hii nyingine inanukia embe, peremende, tikiti. Mtoto anavuta akiwa dawati la nyuma, anapulizia ndani ya sweta, basi. Na wasichana wamo, tena kuliko enzi za sigara. Wanachangishana, wananunua moja, inazunguka darasa zima, na wote wanaapa ni mvuke wa maji tu. Nikotini ile ile imo, lakini nani atawaambia, mimi?

Maana nilipoitazama ile meza nilitamani kuingia chini yake. Vingine nilivifahamu. Wanafunzi walikuwa wakiniletea dukani nivichomeke kwenye umeme pale kando ya mashine ya fotokopi. "Anko, nichajie kalamu yangu," nami nachaji, tena bure. Mtu anayeuza kalamu, dada. Hashiru akaniuliza, "Mwenyekiti, una la kusema?" Nikasema maadili yameporomoka.

Kimojawapo kilikuwa cha Vailet. Hayo unayajua: alisimamishwa wiki mbili, nikakupigia, ukalia. Nikakuambia mwalimu amenikabidhi kile kidude kama mlezi, nami nimekitupa chooni.

La mwezi huu unalijua pia. Imakulata alisikia harufu ya embe bafuni. Mwezi wa sita, maembe yako wapi? Akamwita Vailet sebuleni.

"Umerudia?"

Mtoto akatazama miguu yake.

"Mama yako anahangaika wodini na goti bovu kwa ajili yako, wewe unapuliza moshi nyumbani kwangu?"

Mimi nilikuwa pale pale kwenye kochi. Nikatikisa kichwa, nikasema, "Watoto wa siku hizi." Imakulata akakupigia, nawe ukaamua kumhamishia huko kabla shule hazijafunguliwa, kwa kuwa ameonywa na hasikii.

Jana nilikuwa naye Masaki, tunamenya mihogo ya kuanika. Akasema bila kuniangalia, "Mjomba, ile ikianza kuchoma koo, ujue imeisha. Usiivute tena, utaumwa kifua."

"Ile ipi?"

"Mjomba." Hivyo tu, taratibu, kama anayemwamsha mtu aliyesinzia kanisani.

Dada, sikukitupa. Nilikifungia kwenye droo ya dukani. Unajua niliacha sigara Kwaresima ya mwaka juzi, nikatoa ushuhuda mbele ya jumuiya, wakanipigia makofi mpaka nikaona aibu ya furaha. Mara ya kwanza nilikivuta ili nijue kinachowadanganya watoto. Mara ya pili sikuwa na sababu. Baadaye nikakihamishia nyumbani, bafuni, nyuma ya ndoo. Harufu aliyoisikia Imakulata ilikuwa yangu. Masharubu niliyanyoa kwa sababu yalikuwa yanaishika. Nyumbani nilisema ni joto.

Vailet alikuwa ameacha kweli. Siku za mwanzo alikuwa na hasira za ovyo, hali chakula vizuri, sisi tukidhani ni kiburi. Siku ile sebuleni alijua si yeye, na nyumba ina watu watatu. Nilimwuliza kwa nini hakunitaja. Akaendelea kumenya, kisha akasema, "Watu wote wanajua wewe umeacha, mjomba. Mimi wanajua navuta."

Jana hiyo hiyo jioni nilimweleza Imakulata yote, Vailet akiwepo. Hakupaza sauti. Alimwomba mtoto msamaha, akamwekea chakula, akaenda kulala. Mimi nilijipakulia. Kile kidude nimekiponda kwa nyundo wakiona wote wawili. Kesho nakwenda kwa Hashiru kuacha uenyekiti, na kumweleza habari ya chaji.

Kumhamisha mwanao ni uamuzi wako, na ukiamua hivyo nitamleta mwenyewe hadi mlangoni, uniambie usoni yote utakayotaka kuniambia. Ila usimhamishe kwa ile harufu ya embe. Alikosa mara moja, akaadhibiwa, akaacha. Kosa la pili ni la mdogo wako, aliyekaa kwenye kochi akamwacha mtoto wa dada yake alibebe.

Nisalimie shemeji Silvanus na Blessing. Imakulata anakusalimu sana. Ameniomba niandike kwamba salamu hizo ni zake peke yake, zisichanganywe na zangu. Vailet anasema shikamoo mama. Anakuandikia barua yake hapa pembeni, na sijamwambia aandike nini. Mungu akulinde kwenye zamu zako, na alitazame hilo goti.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, mdomo mtupu,

Bartolomeo